Vyumba Viwili kwa Mtu Mmoja

Wanafunzi walimwita Mama Zamu, na sikumbuki tena jina hilo lilianzia wapi. Alifundisha hesabu. Zamu ya Jumamosi ilikuwa yake, ya likizo yake, ya siku ya mvua yake, maana kila ratiba ilipopangwa mwalimu mkuu alimtazama yeye kwanza.

"Wenzako wana familia, mwalimu. Wewe nani anakusubiri?"

Waliomsubiri, kusema kweli, walikuwa majembe. Aliishi kwenye nusu ya stoo ya shule. Nusu ya pili ilikuwa ya mafagio, majembe na madawati yaliyovunjika miguu, na katikati palikuwa na ukuta wa mbao usiofika juu. Alikuwa na kitanda chembamba, jiko la mafuta ya taa, na sanduku la nguo ambalo ndilo hilo hilo meza ya kusahihishia. Panya hawakujali mpaka uko wapi.

Sasa basi, jamani, mwalimu msaidizi alipostaafu, nyumba yake ya vyumba viwili nyuma ya bwalo ikabaki wazi. Mwalimu mkuu alishaahidi zamani: ikiachwa, ni ya Mama Zamu. Akanunua kitambaa cha pazia, akakishona kwa mkono wake.

Wiki hiyo hiyo akaletwa kijana wa jiografia, ameoa juzi juzi tu. Ijumaa kikaitwa kikao.

Mama Zamu hakuwa na wasiwasi. Pembeni yake alikaa mwalimu wa Kiswahili, shoga yake, ambaye Mama Zamu alimshikia vipindi kila mtoto wake alipougua na kila mumewe alipokasirika. Huyo ndiye aliyenyoosha mkono.

"Dada yetu tunampenda sote," alisema. "Lakini mtu mmoja, vyumba viwili? Si atapotea humo."

Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Aolewe kwanza, tutamhamisha kwa vigelegele."

"Waliokuja kunioa walitaka mpishi mwenye mshahara," alijibu Mama Zamu. "Mimi siogopi kulala peke yangu. Naogopa kulala na majembe."

Wakacheka zaidi, wakidhani anatania. Nyumba akapewa kijana wa jiografia.

Walipotoka nje shoga yake akamshika mkono. "Usininunie, dada. Ndoa ni heshima, tusipoitetea sisi ataitetea nani?"

"Itetee," alisema Mama Zamu, akautoa mkono wake.

Jumamosi alasiri, anarudi kutoka kukagua mabweni, akamkuta shoga yule mlangoni mwa stoo na mfuko wa nguo.

"Mume wangu amebadilisha kufuli," alisema. "Eti nirudi nikishajifunza kunyamaza."

Mama Zamu akamfungulia. Mgeni akatafuta pa kukaa, akaishia kitandani, maana hapakuwa na pengine. Panya akapita juu ya ukuta wa mbao, bila haraka.

"Unalalaje humu?"

"Kwa ubavu."

Mgeni akaupakata mfuko wake. "Ungepewa ile nyumba, na mimi ningepata pa kujibanza."

Mama Zamu alikuwa anamimina chai. Hakuacha kumimina.

"Chumba kimoja nilikiweka kiwe chako," alisema. "Mara ile alipokufukuza ulilala darasani, juu ya madawati. Sikupenda. Hata pazia lako lipo, hilo hapo sandukuni."

Shoga yake akakipokea kikombe, akakishika tu bila kunywa. Alipofungua mdomo tena, aliongea chini chini.

"Usimwambie mtu. Nitaonekana sina kwangu."

Walilala mzungu wa nne, kila mmoja na miguu ya mwenzake usoni. Jumapili mume akatuma mtu, na mwalimu wa Kiswahili akakunja nguo zake na kuondoka upesi, kama mtu aliyeitwa kazini.

Jumatatu hakutokea shuleni. Mama Zamu akachukua chaki, akaingia darasani kumshikia kipindi.

"Mwalimu wetu yuko wapi?" wanafunzi wakauliza.

"Yuko kwake," alisema, akawageuzia mgongo na kuandika tarehe ubaoni.