Lastiki Iliyokauka

Fundi mwenzangu tulimwita Pindo, maana hakuna aliyekunja pindo la gauni kama yeye. Mtoto wake wa kwanza alifia kitandani, hata miezi miwili hajatimiza. Mavyaa yake akahukumu kabla machozi hayajakauka: mama kamlalia mtoto. Ulimi hauna mfupa, na neno la mama mkwe nani wa kulirudisha?

Pindo alipojifungua tena, mavyaa, bibi wa mtoto, akahamia na godoro lake. Usiku mtoto alilala kwa bibi. Akililia ziwa analetwa, ananyonya mama akiwa amekaa kitako, anarudishwa. Mume katulia kama maji mtungini. Mimi nilikereka, lakini nyumba si yangu.

Mara mtoto akaanza kuhema akinyonya, jasho usoni, miguu baridi. Hospitali ya kwanza wakasema kichomi. Dawa zikaisha, nafuu hatukuiona. Ya pili, daktari wa moyo akampitishia kipimo kifuani, akakitazama kioo kwa muda mrefu. Nilikuwepo, nimebeba kapu la nepi.

"Mama, mishipa inayotoa damu kwenye moyo imeingia chokaa. Imekuwa migumu, imebana. Moyo unasukuma mpaka unachoka."

"Kama lastiki iliyokauka," Pindo akasema.

"Ndiyo hivyo. Ni ugonjwa adimu, mtoto anaurithi kwa baba na mama, na wenyewe wazima tu. Tutawapima damu tuhakikishe. Kuna mwingine mliyempoteza?"

"Yupo. Wanasema nilimlalia."

"Naye alikuwa anahema hivi? Anatoka jasho?"

"Kila akinyonya."

"Basi inaelekea ni huu huu, mama. Hukumlalia."

Bibi, aliyesimama mlangoni, akajishusha kwenye benchi.

"Atapona?" Pindo akauliza.

"Tutampa dawa za kuusaidia moyo. Sikudanganyi, wengi hawafikishi mwaka."

Jioni wodini nesi akatuambia kitanda ni kimoja, alale mtu mmoja na mtoto. Kwa mazoea bibi akamkumbatia mjukuu.

"Mama, nipe mwanangu," Pindo akasema.

Akampa, machozi yakimtoka. Pindo akajilaza, akamweka mtoto kifuani. Kisha akanishika mkono kwa nguvu.

"Shoga, usiondoke. Nikipitiwa na usingizi, niamshe."