Fuvu Juu ya Boneti

Nilipokuwa mwaka wa pili wa udaktari, kila mwanafunzi alikabidhiwa sanduku la mifupa aende nalo nyumbani likizoni, maana mtihani ulikuwa unatungoja tukirudi. Langu nililifunga kwa shuka la chuo na kulipakata kwenye basi kutoka Kampala hadi Busia. Mzee niliyekaa naye aliuliza nimebeba nini. Nikamwambia vyombo. Sikuona kama nimemdanganya sana. Fuvu ni chombo, na mpaka leo sijaona kingine kilichotengenezwa vizuri namna ile.

Kwa nje ni mfupa tu. Lakini langu lilikuwa limekatwa juu kama kifuniko cha sufuria, na ukikiinua unaona ukuta wa ndani umechorwa mifereji myembamba inayogawanyika na kugawanyika tena, kama mito kwenye ramani. Ni njia za mishipa ya damu. Damu imepiga hapo maisha yote ya mtu, taratibu, hadi mfupa ukakubali kuachia nafasi. Kati ya mfupa na mfupa kuna mishono iliyopinda huku na huku, ambayo fundi cherehani wa sokoni angeitazama akakaa kimya. Na kwenye panja, kando ya jicho, mfupa ni mwembamba kiasi kwamba ukiuelekeza juani mwanga unapenya. Hapo nilikasirika kidogo. Kwa nini chombo kinachobeba kila kitu kiwe chembamba hapo hasa?

Nilikuwa na tabia hiyo ya kuuliza. Mwalimu wetu mmoja, Mwingereza, alipotuambia ukubwa wa fuvu unaonyesha akili za taifa, nilimuuliza kwa nini basi tembo hakuteuliwa kuwa gavana. Darasa lilicheka, yeye hakucheka. Na siku alipotuonyesha kwamba uwezo wa kutamka maneno una makao yake upande wa kushoto wa ubongo, nyuma ya panja, nikauliza tena: mmejuaje? Akajibu, kwa watu walioumia hapo. Sikuridhika. Ubongo nilikwisha kuushika mikononi. Ni rangi moja karibu wote, mikunjo juu ya mikunjo, hakuna kibao kinachosema hapa lugha, hapa hasira.

Nyumbani nilikuta balaa.

Baba yangu na mdogo wake walikuwa na lori moja la kubeba pamba kwenda kuchambuliwa Tororo, na samaki wakati wa kurudi. Miezi michache kabla ya likizo, baba mdogo alikuwa akiwasha injini kwa hendeli, ile ya kuzungusha kwa mbele. Injini ikarudisha nyuma, hendeli ikachomoka na kumpiga panja la kushoto. Alilazwa hospitali, kidonda kikashonwa, kikapona vizuri. Mkono wa kulia ulibaki dhaifu, wakasema aliuangukia. Ila tangu siku hiyo alikuwa hazungumzi na mkewe.

Baba alinieleza hivyo hivyo: hazungumzi na mkewe. Hakusema hawezi kuzungumza.

"Ulimi iko," baba alisema, kwa Kiswahili chake cha barabarani. "Nenda msikitini umsikie. Fatiha anasoma mpaka mwisho, herufi haipotei. Takbira anatoa. Mtu anaweza kusema na Mungu, mke wake anashindwa kumwambia leta maji? Huyo amenuna."

Kwetu kununa si jambo dogo. Mume akimnyamazia mke muda mrefu, maana yake ana neno ambalo hataki kulisema mbele za watu, na watu hulitafuta wenyewe. Majirani walikuwa wamekwisha kumtafutia mkewe huyo, mama mdogo wangu, makosa ya kutosha. Kaka yake alikuwa ametuma habari kutoka Tororo kwamba anakuja Jumatano kumchukua.

Nilimkuta mama mdogo jikoni akipepeta mchele. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mzaha, lakini siku hiyo hakuinua uso.

"Ungekuwa bubu ningekubali," alisema. "Bubu ni kazi ya Mungu. Lakini huyu, mwanangu, analo neno moja la kuniambia. Nikimpelekea chai: mshenzi. Nikimtandikia kitanda: mshenzi. Miaka yote tuliyokaa, ndilo alilonibakishia?"

Nilijua neno hilo lilikotoka. Baba mdogo aliwapigia kelele hiyo ng'ombe, waendesha baiskeli na mashimo ya barabara kuanzia Malaba hadi Tororo. Lakini kujua hivyo hakukuwa ushahidi, na kitabu changu nacho sikukiamini. Nikaamua kumtazama mwenyewe.

Siku chache nilikaa naye nyuma ya nyumba, lori lilipoegeshwa. Alinielewa. Nikimwambia lete spana, analeta, kwa mkono wa kushoto. Nikimuuliza jina lake, midomo inaanza, shingo inakaza, jasho linatoka, neno halitoki. Lakini nikianza "moja, mbili," anaendelea peke yake hadi ishirini bila kukwama, kama gari lililosukumwa mteremko. Nikimtaka aseme saba tu, haiwezekani. Mpaka aanze moja.

Nikiri kwamba furaha ilinishika, nayo haikuwa na heshima. Mtu alikuwa anateseka mbele yangu na mimi nilikuwa nataka kupiga makofi. Kumbe maneno hayakai yote chumba kimoja! Yale unayoyatafuta na kuyapanga mwenyewe yana njia yake, na yale yaliyozoeleka hadi yakawa mkufu, sala, hesabu, tusi, yana njia nyingine ambayo hendeli haikuifikia. Ubongo umefanya akiba bila kumwambia mwenyewe. Kwa mara ya kwanza nilijibiwa swali la mmejuaje, na jibu lilikuwa limekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, linanitazama.

Jumatano kaka yake mama mdogo alifika, mtu mrefu mwenye kofia safi. Alikataa kuingia ndani. Akasimama uani kando ya lori, baba akamletea kiti, akakataa na kiti.

"Shemeji, sikuja kukaa. Nimekuja kuchukua ndugu yangu. Mumewe akimaliza kununa, anajua kwetu."

Mama mdogo alikuwa mlangoni, fundo la nguo miguuni pake. Baba mdogo alisimama, akafungua mdomo, akaliangalia lile fundo. Nikaona anajitahidi. Tusi likatoka.

"Umesikia?" kaka mtu alinigeukia. "Na wewe ndiye daktari? Mpe dawa ya adabu."

"Mjomba, subiri kidogo," nikasema. Nikaenda kuleta sanduku.

Nilipoweka fuvu juu ya boneti, baba alirudi nyuma hatua mbili. "Hii kichwa ni ya nani?"

"Sijui, baba."

"Mwislamu?" mama mdogo aliuliza toka mlangoni.

"Hilo nalo sijui. Najua alikuwa mtu."

"Basi mtandikie kitu," alisema, akanitupia khanga. Nikaitandika, fuvu nikaliweka juu yake.

Nikaliinua juani na kuwaonyesha panja lilivyo jembamba. Kaka mtu, ambaye hakutaka kiti, alisogea karibu. Nikamwambia hendeli ilipiga hapa, na nyuma ya hapa ndipo maneno yanapotungwa. Nikasema upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono wa kulia, na huo mkono ni huu hapa, umelegea. Hakuuangukia.

"Na Fatiha?" aliuliza. "Fatiha inatungwa wapi?"

"Haitungwi. Imekwisha kutungwa, kama mkufu. Inatiririka tu. Mjomba, muulize leo siku gani."

Akamuuliza kwa sauti kubwa, kana kwamba baba mdogo alikuwa kiziwi. Baba mdogo alihangaika, kisha akaanza: "Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano," akapiga boneti kwa kiganja cha kushoto kwa nguvu, apate kujisimamisha hapo. Macho yalikuwa yamejaa machozi.

Nikachukua kikombe cha chai kilichokuwa kwa ajili ya mgeni, nikamwinulia. "Hiki ni nini, baba mdogo?"

Alikitazama kwa upendo kabisa. Alikijua. Midomo ikatetemeka. "Mshenzi," akakiambia.

Kaka mtu akasema polepole, "Na kikombe kimekosa nini?"

Baba aliangua kicheko kwanza, halafu baba mdogo mwenyewe, hadi akashika kioo cha lori asianguke. Mama mdogo hakucheka. Alikuja hadi kwenye boneti, akalitazama lile fuvu kwa muda, akachungulia ndani.

"Siku ziko kwenye mkufu," alisema. "Hesabu ziko kwenye mkufu. Jina langu liko kwenye mkufu gani?"

Hilo mwalimu hakuniuliza. "Halipo kwenye wowote, mama mdogo. Alikuwa analitaja kwa kulitaka kila mara, si kwa mazoea. Ndiyo maana halitoki."

"Litarudi?"

Nilitamani kusema ndiyo. Nilikuwa na fuvu, na kitabu, na shuka la chuo. "Sijui. Wengine hurudiwa kidogo kidogo. Wengine hapana."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei na akaiona ya haki. Akachukua kile kikombe mkononi mwangu, akampa kaka yake.

"Kunywa, kaka. Basi la Tororo litapita sasa hivi."

"Na nguo umeshazifunga?"

"Kuzifungua ni kazi?"

Kaka mtu alimtazama dada yake, akamtazama shemeji yake, kisha akavuta kile kiti na kukaa. Alikunywa chai yote, macho yake kwenye panja lile lililopenyeza jua.