Binti Asiyejua Kupanga Mbegu

Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu nilifundisha darasa la awali karibu na Chemba, na nilijivunia ugumu wangu. Kwangu mtoto hakupata "anaweza" hivi hivi. Mwalimu wa shule jirani alimpa "anaweza" kila aliyeshika penseli bila kulia. Ndiyo maana nilipendekeza mwenyewe tukutane walimu wa awali wa shule nne, tulinganishe kazi za watoto, ili wenzangu wajifunze kupima.

Jumamosi hiyo nikaanza na kazi ya binti niliyemwandikia "bado". Nilikuwa nimewapa watoto punje za mahindi, kunde na alizeti, wabandike pamoja zinazofanana. Yeye alikuwa na mafungu mawili, na kila fungu mchanganyiko mtupu. Nilishamwambia mama yake kwamba mtoto hataingia darasa la kwanza na wenzake.

Mwalimu wa kutoka Haneti, mdogo kuliko kitinda mimba wangu, akaisogeza karatasi dirishani.

"Mzee, za huku zote zimebunguliwa. Za kule zote nzima."

"Nilitaka zinazofanana."

"Kwani hizi hazifanani?"

"Zinafanana ubovu," akadakia yule mwalimu wa penseli. "Mzee wangu, ukisahihisha huwa unavaa miwani?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana, nami nikiwa wa mwisho, kwamba sikusema zifanane kwa lipi, na kwamba mtoto anaweza. Walimu wanne, asubuhi nzima, ndipo tukamfikia mtoto wa miaka mitano.

Jioni nikaenda kwao. Nilimkuta mama anachambua mbegu za msimu kwenye ungo, binti amekaa kando, mikono mapajani.

"Shikamoo, mwalimu. Kazi hii ilikuwa yake," mama akasema. "Nimemwondoa. Ulisema hajui kupanga."

Nikamweleza kwamba tumekaa, tumelinganisha, nilikosea, ataingia darasa la kwanza.

"Ahsante. Na ungo?"

"Mrudishie."

"Mimi? Wewe ndiye uliyemnyang'anya."

Nikauchukua ungo, nikainama, nikamnyooshea binti. Hakuupokea. Alimtazama kwanza mama yake, na mama alikuwa anatazama pengine, nami nikabaki nimeushika, nikingoja.