Niliitapikia Pistoni ya Shemeji

Mimi ni fundi pikipiki hapa Mpanda, mwaka wa kumi na moja sasa. Damu nimeiona sana, na sijawahi kutapika. Mwezi uliopita nimetapikia boksi la pistoni.



Iko hivi. Kulikuwa na mashindano ya pikipiki, mshindi anapewa pikipiki mpya. Shemeji yangu Masunga, mume wa mdogo wangu Minza, ni dereva hatari, ila maisha yake yote anaendesha bodaboda ya mtu. Akaniomba nifufue mkweche wangu wa gereji, aingie nao.

Sikutaka mchezo. Klachi orijino, cheni orijino, valvu nikazikagua moja moja. Injini ya mbio inachemka kuliko ya bodaboda, ukiweka feki humo umeua mtu.

Pistoni nikaichukua kwa Felisiani, jamaa wa duka la spea jirani na gereji. Pistoni huwa napima uzito kwanza, maana feki huwa nyepesi. Ile sikuipima. Boksi lilikuwa la kampuni kabisa, stika inang'aa, nikaridhika. Mjinga mimi.

Mzunguko wa tatu, Masunga anaongoza, pistoni ikapasuka. Injini ikakamata, tairi la nyuma likagoma kuzunguka, shemeji akarushwa. Mguu ukavunjika sehemu mbili.

Nilipofumua injini nikakuta vipande vinamomonyoka mkononi. Uchafu mtupu. Nikamfuata Felisiani, nikamwambia mbele ya wateja kwamba yeye ni takataka, anauza vifo. Hata hakunyanyuka kwenye kiti. Akasema yeye anauza kilichomo kwenye boksi, basi.

Nikarudi nimefura. Minza alikuwa anarudisha vile vipande kwenye boksi tuvipeleke polisi. Akafunua mfuniko wa chini.

"Kaka, Malale wa Sibwesa ni nani?"

Nikasogea. Malale wa Sibwesa, kwa maka peni. Mwandiko wangu.

Mimi nikifunga pistoni mpya, naandika jina la mteja ndani ya boksi lake, namuwekea humo ile ya zamani aione, asije akasema nimemuibia. Akiridhika anaondoka, boksi linabaki gereji. Na kila Jumamosi Felisiani alikuwa anapita na soda baridi, anaomba maboksi matupu, eti wanawe wanachezea. Miaka miwili nampa mfuko mzima, nakunywa soda yake, namsifia kwa kupenda watoto.

Kumbe alikuwa anayajaza feki, na mimi ndiye namfungashia sumu. Hapo ndipo nikatapika.

Polisi nimeenda, na habari ya Malale nimeieleza mwenyewe. Nyie mafundi wenzangu, ukitoa kifaa kipya, chana boksi hapo hapo. Na ukinunua, achana na stika, pima chuma.

Ile pikipiki mpya kachukua mtu mwingine. Masunga wamemuwekea chuma mguuni. Juzi nimempelekea uji wodini, akakisogeza kikombe pembeni.

"Shemeji, hiki cha mguuni nacho uliangalia boksi?"