Mpira Uliorudi Kutoka Uvunguni

Jamani, leo mjukuu wangu amerusha mpira chini ya meza, ukamrudia mkononi. Nimekumbuka mbali.

Miaka ya sitini nilikuwa msichana mdogo, Malaba.
Mjomba, dereva wa lori, aliniletea mpira mdogo mgumu, unaodunda sana, kutoka Mombasa.
Nikaurusha uvunguni mwa kitanda cha mbao, kile ambacho baba alifia mwezi huo huo.

Ukarudi.

Mama alikuwa mlangoni. "Nani amekurudishia, Nekesa?"
"Sijui, mama."
Tukachungulia. Kulikuwa na viatu vya baba tu.
"Rusha tena," akasema polepole.

Ukarudi tena.

Mjomba alipokuja alitueleza: mpira ukigonga sakafu ya saruji kwa mshazari unaanza kuzunguka, na ukigonga mbao za kitanda kwa chini, mzunguko huo unaurudisha ulikotoka.
Mama akaitikia, "Nimeelewa."

Jioni nilimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, ameshika ule mpira.
"Baba Nekesa," akaita kwa sauti ya chini, kisha akaurusha.

Mimi nilibaki nje ya mlango, nikisikiliza.
Nyinyi mngeingia?