Mwenye Kuzipa Mashine Majina ya Ndege

Bosi alinisingizia mbele ya watu kumi na wawili kwamba ufagio wangu umechomoa waya wa mashine na kupoteza kazi ya wiki nzima. Aliyenitetea ni mtunza mashine, mtu ambaye hata salamu huitoa kwa mnong'ono. Ana mashine nne za kompyuta ambazo ofisi nzima huziingia, kila mtu kwa jina lake, na kila moja ameipa jina la ndege. Mimi sijui kusoma, kwa hiyo kwenye vibandiko amenichorea ndege wenyewe. "Mwanangu, njiwa huyu ni bata," nilimwambia. "Ni njiwa aliyeshiba, mama." Mtu akiacha kazi, mtunza mashine hulifuta jina lake kwenye mashine moja baada ya nyingine, huku akipangusa vidole kwenye shati kama anayetoka kuzika.

Siku ile bosi alimwamuru afute ruhusa yangu ya kufungua mlango wa ofisi. Akapangusa vidole, lakini hakugusa kitu. "Mama hakuchomoa waya," alisema. "Aliyeizima Kware jana ni wewe, bosi. Ulidhani uko kwenye Korongo. Jina lako hili hapa, mashine imeliandika."

Bosi akacheka. "Basi yaishe. Mama, chukua ufagio wako."

Niliuchukua. Lakini uongo aliusema kwa sauti, mbele ya watu kumi na wawili. Samahani ninayomdai bado iko kooni mwake, na nataka watu walewale waisikie.