Kilo Zilizokawia

Dada yangu alipoambiwa figo zake zimekufa zote mbili, nilisema palepale, mbele ya daktari na mbele ya mama, "Basi atachukua moja yangu." Sikufikiri mara mbili. Sisi tumekua tukigawana doti ya kanga, yeye kipande na mimi kipande, na kwa ujinga wangu niliona hili nalo ni hivyo hivyo. Kaka yetu, anayeishi kwake, ana kisukari, hata hakupimwa. Mimi nilipimwa, na majibu yakasema damu yangu na yake zinaoana. Mama alipiga vigelegele mle ndani ya kliniki mpaka muuguzi akaja kumnyamazisha.

Kisha daktari akaniangalia kuanzia utosini hadi kwenye ndara. Akasema figo zangu ni nzima kabisa, ila mimi mwenyewe sipasuliki. Mwili mkubwa, presha imepanda, hakuna atakayekubali kunilaza mezani na hali ile. Mzani ulisoma kilo mia na nane. Alitaka nishuke mpaka tisini. "Taratibu tu," akasema, "usijishindishe njaa." Taratibu! Mtu anaoshwa damu mara mbili kwa juma, uso umekuwa rangi ya majivu, na mimi naambiwa taratibu.

Tulikuwa watatu kwenye nyumba ya kupanga huku Port Reitz: mama, dada na mimi. Mume nilikuwa naye, akaenda zake, na hilo halimo humu. Kazi yangu ni ukarani wa ghala Changamwe, kutwa kitini, chai na mahamri saa nne, wali saa saba. Na sikuwahi kuuonea haya mwili wangu. Kwetu mwanamke akinenepa huambiwa amenawiri. Akikonda ndipo watu huanza kuulizana kwa kunong'ona ana nini. Nimesifiwa mwili huu miaka na miaka. Sasa ndio uliosimama mlangoni kati yangu na ndugu yangu, na haki ya Mungu, niliuchukia.

Nikaanza. Alfajiri nilivaa raba na kanga kiunoni nikashika barabara ya uwanja wa ndege mpaka karibu na lango, kisha narudi. Madereva wa teksi waliokuwa wakingojea wageni walinizoea upesi. "Mama, leo tena ndege imekuacha?" Mwingine akijibu, "Aah, huyu mizigo ilizidi!" Nikiwatukana kidogo, nao wakicheka, nami napita. Nikiwa na moyo mzuri hata nilicheka nao.

Nikirudi nyumbani nimelowa jasho, dada alikuwa ameshaamka, ameketi kwenye kiti cha plastiki barazani. Yeye kwa siku aliruhusiwa kikombe kimoja kidogo cha maji, basi, maana hayakuwa na njia ya kutokea. Joto la Mombasa mnalijua. Alikuwa akitia kipande cha barafu mdomoni na kukizungusha polepole, macho yamefumba. Akiniona hivyo ninavyotiririka husema, "Lo, tazama mali inavyopotea! Mimi yanijaa, wewe wayamwaga. Mungu naye hajui kugawa." Nilikuwa nikiingia ndani kunywa maji yangu kwa kujificha nyuma ya mlango wa jikoni, asinione.

Siku za mwanzo mzani ulinitii. Kilo tatu zilitoka kama mchezo. Tulifurahi sana, dada akawa anapiga hesabu ya miezi, lini tutafika, lini tutapasuliwa, nani atatangulia kuamka. Kisha zikakwama. Kila Jumamosi nilikwenda kwa mzee mmoja wa pale stendi ya Changamwe anayeweka mzani kando ya barabara kupima watu. Jumamosi hii na ile, namba ile ile. Safari moja ilipanda. Nikavua ndara, nikavua saa, nikavua hereni. Mzee akanitazama kwa huruma akasema, "Mama, hereni haziwezi kuwa na kilo."

Na watu kwa kusema! Aliyesikia najipunguza hakukosa neno. Haba na haba hujaza kibaba, waliniambia. Sasa mimi nilikuwa sijazi kibaba, nakimwaga, na hakimwagiki. Haraka haraka haina baraka. Hiyo nilipokuwa nikiambiwa, nilitamani kumzaba kofi msemaji. Mwenye ndugu anayekufa polepole barazani hana haki ya kuwa na haraka? Jirani mmoja, mama wa watu wa bara, mtu mwema, aliniletea ndimu kila Jumapili nikamulie kwenye maji ya moto. Nilizinywa zote. Meno yalikufa ganzi na kilo zikabaki pale pale.

Chakula alikuwa anapika mama. Hapo lazima nieleze, maana asiye wa kwetu hataelewa. Mama ametoka pande za Kaloleni, kwenye minazi, na kwake mboga isiyo na nazi ni chakula cha mbuzi. Nazi ikishakunwa hukamuliwa mara ya kwanza, likatoka tui zito. Machicha yakitiwa maji na kukamuliwa tena, linatoka tui la pili, jepesi, jeupe kidogo tu. Daktari alinikataza nazi, nami nilimwambia mama, naye akakubali: mchicha wangu, kunde zangu, vyote akivipika kando kwa tui la pili. Na wala hatukuona kwamba tumevunja amri. Kwetu tui la pili si tui. Ni maji yaliyopita kwenye nazi. Daktari alipouliza nakula nini, nilimjibu "mboga za kuchemsha," na moyo wangu ukiwa mweupe kabisa.

Tena zilikuwa tamu, mboga zile. Nilikuwa nikimsifu, "Mama, wewe una mkono. Hata tui la pili ukilitia mkono wako linakuwa kitu." Mama aligeuka akafuta sufuria.

Asubuhi moja mvua ilinikamata kabla sijafika mbali, nikarudi mbio. Niliingia kwa mlango wa nyuma. Mama alikuwa ameinama kwenye jiko, sufuria yangu ndogo mbele yake, na mkononi ameshika bakuli la tui. Si la pili. Lilikuwa zito, limeganda juu, lile analotilia wali wa sikukuu. Alilimimina lote kwenye mchicha wangu akakomba bakuli kwa kidole.

Nilipiga kelele. Sitasema niliyoyasema yote, yule ni mama yangu. Nilisema, "Mama, wataka dada afe?" Hilo nililisema.

Bakuli lilimtoka mkononi. Akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akajishika kichwa. "Mmoja nimemwona akikauka mbele ya macho yangu," akasema. "Kila siku namwosha, kila siku mifupa yazidi kutoka. Na wewe waja waniambia nikukaushe kwa mkono wangu? Kisha wawalaze pamoja, wawapasue pamoja. Na msipoamka? Nitazika wawili siku moja, mwanangu? Nitazika wawili?"

Nikabaki nimesimama, maji ya mvua yakinidondoka. Hasira nilikuwa nayo bado, lakini haikuwa na pa kwenda. Nilimtazama mama yangu, mzee wa watu, na nikaona kwamba kila asubuhi nilipotoka kwenda kutembea, yeye alikuwa akiniaga kama mtu anayeaga jeneza. Si kwamba hakumpenda dada. Alikuwa anampenda mpaka amejua atampoteza, na ameanza kukilinda kilichobaki nyumbani.

Dada alikuwa ameyasikia yote kutoka chumbani. Aliita, na sauti yake ilikuwa ya mzaha kama kawaida, ila nyembamba. "Mwache mama. Mama anahesabu watoto." Mimi na mama hatukutazamana tena siku ile.

Tangu siku hiyo nilipikiwa kwa maji matupu. Mama hakunificha tena kitu. Aliniwekea sahani mezani akageuza uso, kama mtu aliyelazimishwa kumpa mtoto sumu. Na kilo zikaanza kutoka. Si kwa kasi, la. Nusu, robo, mara nusu tena. Magoti yaliacha kuuma. Blauzi zikalegea. Madereva wa teksi waliacha utani wa mizigo, mmoja akaanza kuniamkia kwa heshima. Presha ilishuka. Nilikuwa nikirudi natangaza namba toka mlangoni, na dada anapiga makofi mawili, kwa kuwa la tatu hakuwa na nguvu nalo.

Lakini yeye naye alikuwa akishuka, na alikuwa na mwendo kuliko mimi. Miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi. Akawa halali ila ameketi, mito mitatu mgongoni. Nilimwambia, "Ningojee, nakaribia." Naye akasema, "Mimi nakungoja, dada. Sijui huu mwili kama wakungoja."

Nilifika tisini siku ya Ijumaa. Mzee wa stendi aliinama akasoma mara mbili, akanishika mkono. Jumatatu tulikuwa kliniki, mimi na dada kwenye kiti cha magurudumu. Daktari alinipongeza kwa dhati. Aliniambia wengi huahidi na wachache hufika. Akaagiza tupimwe tena sote wawili, mara hii kila kitu, na alipotuita baadaye alikuwa ameacha kutabasamu. Mimi niko tayari. Dada hayuko tayari. Moyo umechoka, umefura kwa kubeba maji miezi yote ile. Ukimpasua hatoki mezani. Angempa dawa za moyo, tungeangalia. Alilisema neno "tungeangalia" huku akitazama karatasi.

Tuliketi nje kwenye benchi kungoja tuk-tuk. Nililia bila haya, mbele ya watu. Nilimwambia, "Nisamehe. Nimechelewa." Dada alininyooshea kidole tumboni, pale palipokuwa na mikunjo zamani, akapabonyeza. "Wee, umependeza lakini," akasema. "Usije ukanenepa upesi nikishaenda. Watu watasema ulifurahi." Nilimwambia aache ujinga. Alicheka mpaka akakosa pumzi, nikalazimika kumsugua mgongo.

Hakuzimaliza zile dawa za moyo. Alifariki asubuhi, mama akiwa amemweka kichwa mapajani anamchana nywele. Mimi nilikuwa kazini. Mama alinipigia simu akasema neno moja, "Njoo," na nikajua.

Tulimzika nyumbani, Kaloleni. Wanawake waliokuja matangani walinishika mashavu wakasikitika: masikini, tazama msiba ulivyomkondesha, kwa siku mbili tu! Sikuwarekebisha. Ningeanzia wapi? Niliketi mkekani na nguo nyeusi iliyonipwaya, nikapokea pole za mwili wangu pamoja na pole za ndugu yangu, na sikujua ipi inaniumiza zaidi.

Niliporudi kazini msichana mmoja mpya wa ofisini, ambaye hakujua lolote, alinizunguka akinitazama. "Mama, umetoka vizuri sana! Tuambie siri basi." Nilikwenda msalani nikafunga mlango.

Sasa tumebaki wawili. Jioni moja tulikuwa barazani, mama anachambua kunde na mimi nakunja nguo. Akauliza bila kuinua kichwa, "Kama nisingekutilia lile tui. Ungefika mapema?"

Nilijua anachouliza. Nilikuwa nimejiuliza mimi mwenyewe, njiani, kazini, kitandani, na ninavyoona ni kwamba ndiyo. Huenda kwa miezi miwili, huenda mitatu, na miezi mitatu nyuma moyo wa dada ulikuwa bado unafaa.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Ingekuwa vile vile tu."

Aliinua kichwa akanitazama. Mama yangu hunijua nikisema uongo tangu nina meno ya utoto. Akasema, "Ahsante, mwanangu," akainama tena kwenye ungo wake, na mikono yake ikawa inazipapasa kunde bila kuchambua.

Nilikwenda kupima presha majuzi. Iko sawa. Kilo ni themanini na saba. Figo zangu ninazo zote mbili, nzima kabisa, na sina wa kumpa hata moja.